Vichupa kumi vya unga wa njano: dawa moja, vyombo viwili

Swali lililomwokoa mgonjwa wetu liliulizwa kwa simu, saa moja kasoro robo jioni, na muuguzi wa zamu. Alikuwa amepanga vichupa kumi kwenye trei, maji ya sindano yako tayari, bomba mkononi. Akapiga famasi, nami mfamasia nikapokea.

"Daktari, filta ziko wapi?"

Nikamjibu kwamba filta huja ndani ya boksi, kila kichupa na yake. Akasema maboksi yote ameyafungua na hamna kitu ila karatasi ya maelezo. Nikaanza kumwambia pengine zimedondoka kwenye friji, na papo hapo tumbo likanigeuka. Nikamwomba anisomee kibandiko, herufi kwa herufi, mpaka neno la mwisho. Akasoma amfoterisini B, ile dawa ya kuvu, akasoma miligramu 50, akanyamaza. Hakukuwa na neno lingine.

"Sista, weka chini. Usichanganye hata kimoja. Nakuja."

Nilipanda ngazi mbio, na mimi si mtu wa kukimbia.

Vichupa vile nilivitoa kwa mkono wangu. Karatasi ya matibabu ilisema amfoterisini B, miligramu 500, mara moja. Vichupa kumi vya miligramu 50 ni miligramu 500; hesabu haikuwa na kasoro. Jina la dawa nalo halikuwa na kasoro. Kilichokosewa ni chombo ambacho dawa hiyo husafiria ndani ya damu, na kama dripu ile ingefunguliwa, moyo wa kijana yule ungeweza kusimama kabla haijafika nusu.

Wiki tatu za kichwa

Alikuwa mwendesha boda boda wa miaka thelathini na kidogo, mkazi wa Kondele hapa Kisumu, kwao Ahero. Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Wiki ya kwanza ya kichwa alimeza Panadol. Wiki ya pili akatibiwa malaria mara mbili, mara ya kwanza bila kupimwa, mara ya pili kipimo kikiwa hakionyeshi kitu. Simlaumu sana aliyempa dawa hizo. Ukiishi kando ya ziwa hili, mtu akitaja kichwa na homa, malaria ndiyo inayoitika kwanza. Wiki ya tatu kijana akaanza kuona pikipiki mbili barabarani mahali penye moja. Akaegesha ya kwake, akampigia mama yake simu.

Mama alimleta kwa matatu, kichwa kimefungwa leso kwa nguvu ili kisipasuke, kwa maneno ya kijana mwenyewe. Alikuwa na virusi vya Ukimwi na alikuwa ameacha dawa kwa zaidi ya mwaka. CD4, seli za kinga ambazo virusi hivyo huzishambulia, zilikuwa 38 tu. Tone la damu kwenye kijiti cha kupimia kriptokokasi lilitoa mistari miwili kabla dakika kumi hazijaisha.

Kriptokokasi ni kuvu. Hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa, na sote huivuta puani bila habari. Mwenye kinga nzuri huifungia mapafuni ikaishia hapo. Mwenye CD4 38 haifungii. Inapanda mpaka kwenye ubongo na utando wake, ikazaana humo, ikaziba njia ambazo maji ya uti wa mgongo hupitia kurudi kwenye damu. Maji yanajaa, fuvu halitanuki.

Kuthibitisha, na kupunguza maji hayo, kulihitaji sindano ya mgongo. Hapo mama akakataa.

"Mgongo wa nyathina, mwanangu, hautobolewi. Jirani yetu alitobolewa asubuhi, jioni tukaambiwa tutafute gari."

Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliinama mpaka macho yao yakawa sawa. "Mama, jirani aliletwa akiwa hajui hata jina lake. Huyu wako bado ananijibu. Maji yamejaa kichwani hayana pa kutokea, ndiyo yanayomtesa. Niache niyapunguze, umwone mwenyewe."

Kifaa cha kupimia presha ya maji hayo hatukuwa nacho. Aliunga mpira wa dripu kwenye sindano, akausimamisha wima kando ya rula, na maji yakapanda mpaka sentimita 38. Ikizidi 25 ni lazima yapunguzwe. Alitoa mililita 25 polepole. Baada ya nusu saa kijana alifungua macho akaomba chai. Mama alinunua vikombe viwili, kimoja akampelekea afisa.

Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu iliyobaki ya kisa hiki inahusu dawa, na ni rahisi msomaji adhani dawa peke yake ndiyo iliyoponya. Sindano ya mgongo ilirudiwa mara tatu wiki ile. Bila hizo, chombo kizuri kuliko vyote duniani kingemkuta amekwisha.

Dawa isiyopenda maji

Amfoterisini B ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa eneo la mto Orinoco, Venezuela. Kazi yake inaeleweka vizuri. Utando wa seli ya kuvu umejengwa kwa mafuta yaitwayo ergosteroli. Wa kwetu una kolesteroli. Amfoterisini huipenda ergosteroli zaidi, hujikita humo, utando ukatoboka na kuvuja. Tatizo ni lile neno zaidi. Kolesteroli nayo huipenda kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuleta madhara.

Tatizo la pili ni kwamba haiyeyuki kwenye maji, na utumbo nao unakataa kuipokea. Ukiimeza inapita na kutoka. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilihitaji kitu cha kuibeba mpaka ndani ya damu. Chombo cha kwanza kilikuwa deoksikolati, chumvi ya nyongo, kazi yake ikiwa ile ile ambayo nyongo hufanya kwa mafuta ya chakula: kuyashika na kuyachanganya na maji. Kinafanya kazi hiyo kwenye kichupa. Kikiingia kwenye damu kinasambaratika, na dawa inabaki bila mwenyewe, ikishika chochote kilicho karibu.

Wauguzi wa zamani wana kumbukumbu mbaya za aina hii. Mgonjwa hutetemeka kitanda kizima kikalia. Potasiamu hushuka, damu hupungua, kreatinini, kipimo cha hali ya figo, hupanda kila siku mpaka daktari aamue kuokoa figo au kuendelea kuua kuvu. Dozi yake kwa ugonjwa huu ni miligramu 1 kwa kila kilo, kila siku, kwa siku saba. Kwa kijana wetu wa kilo 50, hicho ni kichupa kimoja kwa siku. Kuzidi miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku ni hatari iliyoandikwa wazi kwenye maelezo ya dawa yenyewe, kwa sababu inaweza kusimamisha moyo na pumzi. Mimi nilikuwa nimempelekea muuguzi 10 kwa kilo.

Chombo cha pili kilianza kama udadisi. Mapema miaka ya 1960, Alec Bangham na wenzake huko Babraham, karibu na Cambridge, walikuwa wakichunguza mafuta yanayojenga utando wa seli. Waliona kwamba yakitiwa majini hujikunja yenyewe kuwa mapovu madogo yenye ukuta wa tabaka mbili. Mapovu hayo ndiyo liposomu. Kupita kutoka povu la maabara hadi dawa ya binadamu kulichukua miaka mingi, kwa sababu povu la kawaida huvuja njiani, na seli zinazosafisha damu huliona kama takataka na kulimeza.

Liposomu ya amfoterisini, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 1990 na Marekani mwaka 1997 kwa jina la AmBisome, ilitatua jambo la kuvuja kwa namna ninayoipenda kila nikiifikiria. Ukuta wake umetengenezwa kwa mafuta magumu yasiyolegea kwa joto la mwili. Ndani yake wamechanganya kolesteroli, ile ile ambayo amfoterisini huipenda kidogo. Kasoro ya dawa ikageuzwa kuwa kamba ya kuifungia. Na kuna aina ya mafuta yenye chaji hasi ambayo hushikana na sehemu ya amfoterisini yenye chaji chanya. Kwa hiyo dawa haikai ndani ya povu kama maji kwenye mtungi. Imefumwa ndani ya ukuta wenyewe.

Kila povu lina upana wa takriban nanomita 80. Ukiyapanga elfu moja, moja kando ya jingine, utapata unene wa unywele mmoja.

Mama anauliza kuhusu lori

Siku iliyofuata usiku ule wa vichupa, mama aliniuliza jambo la haki kabisa. "Dozi moja tu? Mbona hata ya malaria ni siku tatu?"

Yeye ni mkulima wa mpunga. Nikamwambia, "Mama, ukibeba mchele kwa kichwa kutoka Ahero mpaka sokoni Kibuye, utarudi mara ngapi? Na shingo itakuwaje? Dawa ya zamani ilikuwa ikibebwa kwa kichwa, kidogo kidogo, na aliyekuwa akiumia shingo ni figo. Hii imepakiwa kwenye lori. Mzigo wote unakwenda safari moja."

Akafikiri. "Na lori linapita kwenye mlango wa nyumba?"

Nimekaa kwenye semina nyingi ambazo hakuna aliyeuliza swali hilo vizuri hivyo.

Katika mazungumzo ya vibebeo vya nano, yaani vyombo vidogo mno vya kubeba dawa kama liposomu, ubongo hutajwa kama ngome na kibebeo kama mwenye ufunguo. Ngome ipo kweli. Paul Ehrlich aliona dalili zake mwaka 1885 alipodunga wanyama rangi, viungo vyote vikashika rangi isipokuwa ubongo. Mishipa midogo ya damu mahali pengine mwilini ina nyufa. Ya ubongo seli zake zimeshonwa kwa mishono iliyobana, na zina pampu zinazorudisha kwenye damu vitu vingi vinavyojipenyeza. Povu la nanomita 80 halipiti kwenye mshono huo. AmBisome haikuvalishwa chochote cha kuudanganya mlango. Wapo wanaojaribu hayo: kibebeo huvishwa protini ambayo ubongo huipokea kila siku, kama ile inayoingiza madini ya chuma, ili kibebwe ndani pamoja na mgeni halali. Ni kazi ya maana, lakini siyo iliyokuwa ndani ya dripu ya kijana wetu.

Kinachochekesha, ukiwa na moyo wa kucheka, ni kwamba kuvu yenyewe ni kubwa kuliko povu letu mara zaidi ya hamsini na ilishapita. Huingia kwa kupenya seli za ukuta, au ikiwa imejificha ndani ya seli nyeupe za damu, abiria ndani ya gari la polisi.

Basi lori linafanyaje? Linashusha mzigo mlangoni, na mlango wa nyumba yenye ugonjwa haufungi vizuri. Uvimbe hulegeza ile mishono. Dawa ikiwa nyingi kwenye damu, kwa muda mrefu, sehemu yake inapenya. Katika majaribio ya sungura waliokuwa na maambukizi ya kuvu ubongoni, umbo la liposomu ndilo lililoacha amfoterisini nyingi zaidi kwenye nyama ya ubongo, ingawa kwenye maji ya uti wa mgongo kiasi kilikuwa kidogo mno. Ikishaingia kwenye nyama hiyo haitoki upesi. Na kwa kuvu, povu likigusa ukuta wa seli yake hushikamana nao na kupasuka hapo hapo, dawa ikahamia kwenye ergosteroli inayoipenda zaidi. Hicho ndicho kitu ambacho figo na seli zetu hazina.

Kwa hiyo sifa kubwa ya chombo hiki, kwa maoni yangu, iko kwenye figo kuliko kwenye ubongo. Kichujio cha figo kina macho madogo, hakipitishi kitu kilichozidi takriban nanomita 8. Fikiria wavu wa omena, wale dagaa wa ziwani, kisha fikiria samaki mkubwa, mbuta. Povu haliingii kwenye macho yale, linapita juu yake na kuendelea na safari. Mwenye kujua fiziolojia atanikosoa kwamba amfoterisini ya zamani huumiza figo kwa njia zaidi ya kuchujwa: hubana mishipa inayoingiza damu figoni na kutoboa utando wa mirija. Ni kweli, na kote huko chombo kinasaidia kwa sababu kinaishika dawa isiguse. Figo zikipona, unaweza kutoa dozi kubwa. Dozi ikiwa kubwa, mlango wa ubongo unapata kitu cha kupitisha. Ufunguo haukuwepo, palikuwa na ruhusa ya kugonga kwa nguvu.

Kwamba kugonga mara moja kunatosha kulithibitishwa na jaribio lililoitwa AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Zimbabwe na hapa kwa jirani, Uganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kundi moja lilipata dripu moja ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazo, dawa nyingine mbili za kuvu, kwa siku 14. Kundi la pili lilipata siku saba za aina ya zamani. Katika wiki kumi walifariki asilimia 24.8 ya kundi la kwanza na 28.7 ya kundi la pili, na madhara makubwa yalikuwa machache zaidi kwa waliopata dripu moja. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaifanya ndiyo tiba ya kwanza. Hata hivyo angalia tarakimu ile ya kwanza. Kwa tiba bora tuliyonayo, karibu mmoja kati ya wanne hufa.

Rafu moja ya friji

Sasa nirudi kwa kosa langu.

Vichupa vya aina ya zamani hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Vya liposomu vinaweza kukaa nje mradi joto lisizidi nyuzi 25. Aliyeandika nyuzi 25 hakuwa na stoo Kisumu, yenye bati juu na dirisha moja, mwezi wa Februari. Mchana wetu unagusa 30 bila juhudi. Kwa hiyo tulichukua uamuzi wa busara: tukaviweka vyote kwenye friji. Friji ni moja. Rafu ya dawa za kuvu ni moja. Hapo maboksi mawili yakawa majirani, yote yameandikwa amfoterisini B kwa herufi kubwa, yote miligramu 50, unga wa njano ndani ya yote. Neno la kuyatofautisha limeandikwa kwa herufi ndogo.

Daktari intani, aliye bado mafunzoni, aliandika dawa kwa jina fupi, kama wengi wanavyoandika. Nami niliisoma karatasi kwa jicho la mtu anayetaka kufunga. Mezani nilikagua uzito, nikazidisha, nikahesabu vichupa. Nilikagua kila kitu isipokuwa swali la dawa hii imepanda nini.

Si sisi wa kwanza. Uingereza mwaka 2007 wagonjwa wawili walifariki kwa mkanganyiko huu huu, na hospitali zote za huko zikatumiwa onyo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza neno liposomu liwe sehemu ya jina la dawa, lisiachwe kama maelezo ya pembeni. Nilikuwa nimewahi kusoma onyo hilo. Kusoma na kukumbuka saa moja kasoro robo ni vitu viwili.

Muuguzi aliyeuliza filta hakuwa amesoma onyo lolote. Alikuwa ameshachanganya AmBisome mara mbili kabla ya siku ile, na mikono yake ilikumbuka kwamba kuna hatua ya filta. Ndiyo maana sipendi tunapowaambia wauguzi kwamba filta ni ya kuondoa uchafu tu. Inazuia vipande vya mafuta visivyochanganyika kuingia kwenye mshipa, na kwa bahati yetu ni alama ya aina ya dawa, kwa sababu boksi la aina ya zamani haliji nayo.

Kuna alama nyingine ambayo angeiona kama angefikia kuchanganya: aina ya zamani ikitiwa maji na kutikiswa hutoa kimiminika cha njano kinachong'aa, unaona upande wa pili. Ya liposomu hutoa njano yenye ukungu, kama maji ya machungwa yaliyochujwa vibaya. Ukungu huo ni mapovu yenyewe, mabilioni kwa mabilioni, yakitawanya mwanga. Ni mara chache teknolojia ya nano huonekana kwa macho bila hadubini, na hapa inaonekana kwenye kichupa cha kawaida mkononi mwa muuguzi.

Boksi sahihi lilikuwa nyuma ya lile nililochukua, hatua isiyofika kiganja. Vichupa kumi, filta kumi. Mtengenezaji alitangaza mwaka 2018 kwamba nchi kama yetu zitauziwa kichupa kwa dola 16.25, kwa bei hiyo trei ile ilikuwa na dola 162.50. Nilivichanganya mwenyewe, muuguzi akinitazama mikono, na alikuwa na haki ya kuitazama. Mililita 12 za maji ya sindano kwa kila kichupa, kutikisa kwa nguvu nusu dakika, kupitisha kwenye filta, kutia ndani ya maji ya sukari ya asilimia 5.

Hapo tulikaribia kuteleza mara ya pili. Mgonjwa alikuwa amepewa kwanza lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu, ya kulinda figo, na mpira ulikuwa bado umejaa maji hayo. Intani, ambaye kufikia hapo alikuwa akitoka jasho kuliko mimi, akataka kuunganisha tu. Chumvi huivuruga liposomu. Dawa huganda ikatengana. Muuguzi akausafisha mpira kwa maji ya sukari kwanza. Hakusema kitu, alifanya tu. Dripu ilianza saa mbili na nusu usiku ikaisha saa nne na nusu.

Baadaye tulibadilisha mambo matatu madogo: aina ya zamani ikahamia rafu ya chini yenye kibandiko chekundu, hakuna anayetoa zaidi ya vichupa viwili vyake bila mtu wa pili kusaini, na karatasi ya matibabu isiyo na neno liposomu inarudishwa wodini. Intani walilalamika kuhusu hilo la mwisho kwa wiki moja hivi. Ripoti ya tukio niliiandika nikaweka jina langu mahali panapouliza ni nani aliyetoa dawa. Nilimweleza mama pia, kwa kuwa mtoto ni wake. Aliniuliza muuguzi yule anatoka wapi. Nikamwambia Vihiga. Akasema atamletea mchele, na alimletea, kilo tano.

Siku zilizofuata

Usiku ule kijana alitetemeka kidogo, blanketi la pili likatosha. Kreatinini ya siku ya tatu ilipanda kiasi, ya siku ya saba ilikuwa imerudi. Potasiamu ilishuka tukampa vidonge. Kazi ngumu kwake ilikuwa flusitosini: miligramu 5,000 kwa siku, yaani vidonge kumi vya 500, kila saa sita, vitatu, viwili, vitatu, viwili, hata saa nane za usiku. Mama aliweka kengele kwenye simu na hakuikosa hata moja.

Aliniuliza, kijana mwenyewe, kwa nini basi wasitengeneze ya kumeza. Wanajaribu. Uganda walifanya utafiti wa amfoterisini iliyokunjwa ndani ya shuka la mafuta kama mkeka, ili ihimili tumbo na kupita ukuta wa utumbo. Alisikiliza, akasema kama itakuja, isiwe vidonge kumi.

Dawa za virusi alianza tena wiki ya tano, kwa kuwa kinga ikirudi haraka mno wakati kuvu bado imejaa ubongoni, vita yake huvimbisha ubongo wenyewe. Flukonazo miligramu 800 kila siku mpaka wiki ya kumi, kisha 200. Nilimwona dirishani siku alipokuja kuchukua zile za 200. Haoni vitu viwili viwili tena, lakini jicho la kushoto lina kiza pembeni ambacho daktari wa macho amemwambia huenda kisiondoke. Pikipiki anaendesha mchana tu. Zamu ya usiku amempa mdogo wake, na jioni anakaa Ahero barabarani, kwenye kibanda cha mama, akipima mchele kwa kopo la gorogoro.